Feza ya maki iko chini ya godoro langu

Mama Mkubwa, jambo sana.

Mimi ni kijana wa miaka 18, finalisti (niko mwaka wa mwisho wa sekondari), opsheni ya sayansi, hapa Lubumbashi, komine ya Katuba. Karatasi za shule siku hizi zinaandika mwaka wa nne wa humanite, lakini kwetu nyumbani kila mtu bado anasema niko siziemu, yaani mwaka wa sita wa zamani. Disertasio, ile insha, tumeshaifanya. Sasa tunangoja sesheni yenyewe ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, zile siku nne za itemu (maswali ya kuchagua jibu), na zimebaki wiki tano.

Si mwanafunzi mbaya. Mwaka jana nilimaliza na asilimia 64. Hesabu na fizikia tunaelewana, kemia tunagombana. Kinachoninyima usingizi si masomo, ni feza.

Darasani tuko 34. Mwezi wa pili wenzangu walinichagua kuwa kesiye, mshika feza. Nilifikiri ni feza ya fulana na ya picha ya mafinalisti, kumbe ni ya maki, ile nyumba ya siri ya kupewa majibu ya mtihani. Nyumba imepatikana Ruashi. Siku za Exetat tutalala humo wote, na alfajiri, kabla ya kwenda kwenye santre ya mtihani, bwana mmoja tunayemwita ankadrere atatuletea majibu ya itemu za siku ile. Anasema yanamfikia kwenye simu saa kumi za usiku. Kila mmoja dola 20. Tumelipa 28, jumla 560. Nilishampa mwenye nyumba avansi ya dola 160, bila risiti. Zile 400 zilizobaki ziko ndani ya bahasha, chini ya godoro langu, na ankadrere anazitaka zote Jumamosi.

Na mimi nililipa 20 zangu. Nilimwambia mama ni za fotokopi. Mama anauza mboga za lengalenga na dagaa za ndakala kwenye soko la Kenya, hapa hapa mjini, na siku mbili baadaye alinipa noti imekunjwa mara nne, hakuuliza kitu. Wiki jana kulikuwa na kilio kwa jirani, nikamwona mama anatoka na kikwembe (kitenge) chake cha sokoni. Nikamuuliza kile cha kijani kiko wapi. Akasema kimechafuka. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeniambia kwamba mama ameuza vikwembe viwili kwa mama mmoja wa avenyu ya nyuma.

Nilimweleza rafiki yangu kwamba nataka kurudisha feza za watu. Akanijibu: "Tukianguka sote, itakuwa juu yako." Kuna msichana mmoja aliyekataa kulipa tangu siku ya kwanza. Wanamwita Mama Pasta. Ninaogopa kupata jina langu na mimi.

Jambo la pili ni mjomba wangu, mdogo wa mama. Ndiye anayenilipia minervali, ada ya shule, tangu baba alipokwenda Kolwezi akanyamaza. Anasema nikipata diplome niingie Politekniki, kwa sababu mainini, kampuni za migodi, wanatafuta ma-injenyere, na kama si Politekniki hatalipa hata franka moja. Mimi nataka udaktari wa wanyama. Nilikuwa na kuku 11 nyuma ya nyumba. Kideri kilipopita mwaka jana kiliua tisa kwa siku nne, na tangu hapo ninataka kujua ni kitu gani kile. Nilipomwambia mjomba, alicheka mpaka akaweka chupa chini. "Daktari wa kuku!"

Feza nifanyeje nazo? Na mjomba nimwambie nini?

Kesiye wa darasa, Katuba


Mwanangu Kesiye,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba jibu unalo. Aliyetaka kumpa ankadrere zile 400 angekuwa amempa. Wewe unalala juu yake.

Rudisha. Nitakuambia namna, kwa sababu namna ndiyo ngumu, lakini kwanza nikusimulie kitu kuhusu maki, usije ukafikiri anayekuandikia hajawahi kulala humo.

Nilifanya Exetat yangu wakati matokeo yalikuwa bado yanasomwa redioni, jina baada ya jina, na mtaa mzima kimya. Tulikuwa wasichana saba katika chumba kimoja cha Kamalondo. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza aliingia mwanamume na karatasi ya daftari. Haikuwa na maswali, ilikuwa na namba tu: swali la kwanza jibu la tatu, la pili jibu la tano, hivyo hivyo mpaka chini. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Tulizipigia sauti ya wimbo wa kwaya ili tusizisahau, na kwa saa mbili tulikuwa tunaimba namba. Asubuhi, ndani ya sale, chumba cha mtihani, nikafungua karatasi yangu na kutupia jicho ya jirani. Swali langu la kwanza na swali lake la kwanza hayakuwa sawa. Zilikuwa seri mbalimbali. Sasa ule wimbo ulikuwa wa seri gani? Wangu, wake, au wa mwaka mwingine kabisa? Nikauacha nikaanza kufanya hesabu zangu mwenyewe, mikono inatetemeka. Nilipata asilimia 53. Rafiki yangu aliufuata wimbo mpaka mwisho. Siku redio iliposoma majina ya shule yetu, alikuwa amekaa kwenye lupango letu, uani, na kopo la pudre aliyoinunua mapema, ile ya kumwagiwa anayefaulu. Jina lake halikusomwa. Alinimwagia mimi pudre yote kichwani, akanawa mikono kwenye ndoo, akaenda kwao.

Sitakudanganya kwamba maki haijawahi kumpa mtu diplome. Unawajua, na mimi ninawajua, na wengine wana ofisi. Lakini tazama ile biashara ilivyo. Yule bwana anakuuzia kitu ambacho wewe huwezi kukikagua kabla ya kulipa. Kikiwa kibaya, atasema mlichanganya seri. Kikiwa kizuri na simu ikakamatwa ndani ya sale, anayeondolewa ni mwenye simu, na shule yake inaanza kuangaliwa kwa jicho lingine, wakati yeye yuko kwake anakunywa chai. Hata risiti ya avansi hamna. Utamshtaki wapi? Utasema nini mbele ya polisi, kwamba uliibiwa wakati unanunua wizi?

Sasa namna.

Usisimame mbele ya darasa utoe hotuba. Kijana wa miaka 18 akianza kuwahubiria wenzake, wanaanza kupiga miruzi kabla hajafika sentensi ya tatu, na hapo umepoteza. Wewe hukuchaguliwa kuwa mzazi wao wala padri wao, ulichaguliwa kushika feza. Basi acha kuishika. Waambie hivi tu: "Kazi hii siiwezi tena. Feza ya kila mtu hii hapa. Anayetaka kumpa yule bwana, ampelekee mwenyewe kwa mkono wake." Hakuna atakayeweza kusema umemwangusha, kwa sababu hukumzuia. Na utashangaa wangapi watafunga safari kwenda kumtafuta ankadrere wakiwa na noti yao mkononi. Kuitoa feza kwenye kundi ni rahisi. Kuitoa peke yako, ukijua mama aliipataje, miguu inakuwa mizito.

Hesabu ni hii. Una 400 na watu 28. Kila mmoja anapata dola 14, hiyo ni 392, na zinabaki 8. Chukua daftari, andika majina 28, na kila anayepokea atie sahihi mbele ya jina lake. Fanya hivyo shuleni, mchana, masomo yakiisha, na uwe na watu wawili karibu nawe. Mmoja awe huyo msichana mnayemwita Mama Pasta. Huyo hana feza humo, kwa hiyo hakuna atakayesema anajitetea. Zile 8 za juu ziandikeni mwisho wa ukurasa, darasa liamue. Na fanya kabla ya Jumamosi, si Jumamosi yenyewe, ili yule bwana akija akute bahasha tupu na daftari limejaa.

Dola 160 za Ruashi ni habari nyingine. Nendeni watu watatu mkaongee na mwenye nyumba kwa heshima. Maki si kitu cha kutaja pale, sema tu mpango umebadilika. Pengine atarudisha nusu, pengine hatarudisha kitu. Akikataa, mwambieni basi nyumba tumeilipia, tutakuja Jumapili mchana kusomea humo mpaka siku zetu ziishe. Kulala humo hapana. Ila kukaa watu ishirini mchana na milango wazi, mkitatua itemu za miaka iliyopita, hiyo hakuna anayeikataza. Mimi ningefurahi sana kuona nyumba ya maki ikigeuka kuwa nyumba ya kusomea.

Utaniuliza kama uende kwa prefe, mkuu wa shule. Wasomaji wengine watanikasirikia, lakini ninasema usiende na orodha ya majina. Wale ni watoto wenzako wenye hofu, na orodha ikishatoka mkononi mwako huijui itaishia wapi. Lakini yule bwana akianza kukutisha, au akikungojea njiani, siku hiyo hiyo nenda kwa prefe pamoja na mtu mzima wa kwenu, mseme yote. Jina la kupeleka hapo ni moja tu.

Wiki tano si haba. Exetat ya nchi yetu ipo tangu miaka ya 1960, na jambo moja halijabadilika: itemu zinafanana na dada zao. Tafuta za miaka iliyopita, zinazunguka kwa fotokopi mjini mzima, na zile dola 14 zinakutosha kwa karatasi nyingi. Usizisome kama gazeti. Funika majibu, weka saa mezani, fanya itemu nzima kwa muda wake, kisha sahihisha. Kila swali ulilolikosa andika kando ulikosa kwa nini: hukujua, ulikosea hesabu, au ulisoma haraka ukaruka neno "isipokuwa". Ukifanya kumi hivyo, utaona makosa yako yana tabia, yanarudi yale yale.

Halafu ninyi watu wa sayansi mna ugonjwa mmoja. Mnakesha na fizikia, mnaidharau siku ya utamaduni wa jumla na siku ya lugha. Historia, jiografia, elimu ya uraia, Kifaransa, Kiingereza, hizo ni asilimia kama zingine, na mara nyingi ndizo zinazomtoa mtu 48 zikamvusha 50. Gawaneni. Mwenye kupenda historia awafundishe wengine Jumapili, wewe uwaeleze hesabu, na tafuteni mmoja wa kukusuluhisha wewe na kemia.

Kuna jambo dogo ambalo linawaangusha hata wenye akili: karatasi ya majibu. Mtu anaruka swali la 7 kwa sababu ni gumu, anasahau kuruka na mstari wake, na kuanzia hapo kila jibu limekaa nyumba ya jirani. Masahihisho hayafanyiki shuleni kwenu, hakuna mwalimu atakayesema "huyu alimaanisha". Weka kidole cha kushoto kwenye namba ya swali, kalamu kwenye namba ya mstari, hata kama wenzako watakucheka unasoma kama mtoto wa primeri. Kodi yako, ile namba yako ya mtihani, iandike kabla ya kusoma swali lolote.

Na kwa sababu sesheni inatukuta kwenye baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, nikuambie kama mama: umeme ukikatika na ukataka kusoma alfajiri, usiingize mbabula, jiko la makaa, chumbani ukafunga mlango na dirisha. Moshi wa makala unaoua hauonekani wala haunuki. Jifunike blanketi, vaa soksi mbili, soma.

Sasa mjomba. Mwanangu, usimjibu mtu aliyeweka chupa chini ili acheke vizuri. Mrudie asubuhi, tena usiende peke yako. Nenda na mama. Wewe ni mtoto anayekula kwake, lakini mama ni dada yake mkubwa, na mbele ya dada mkubwa mjomba anakaa kitako tofauti.

Usimwambie unapenda wanyama. Mweleze kwa lugha yake, ya kazi. Mainini yanajua kuajiri na yanajua kufukuza, bei ya shaba na kobalti ikianguka. Watu wa Lubumbashi wanakula nyama na mayai bei ikiwa juu na ikiwa chini. Kila siku malori yanapita Kasumbalesa yakitoka upande wa Zambia na chakula chetu, na nyama na mifugo inayovuka mpaka lazima iangaliwe na mtu aliyesomea. Wafugaji wa kuku wanaouzunguka mji huu wanapoteza mabanda mazima kwa kideri kile kile kilichokuulia tisa, na chanjo yake ipo. Mwambie na hili: fakulte ya udaktari wa wanyama iko hapa hapa, UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1955, wakati wa Wabelgiji. Hatakulipia basi la kwenda mkoa mwingine wala chumba cha kupanga. Utatoka Katuba asubuhi uende Kasapa, urudi jioni. (Kampasi ya Kasapa, si gereza la jina hilo. Ninajua mjomba atafanya huo mzaha, mwache aufanye, mtu akishacheka anasikiliza.)

Lakini na yeye ana haki ya kuambiwa ukweli. Huu mfumo mpya wa LMD (lisanse, masta, dokta) unatoa lisanse, digrii ya kwanza, kwa miaka 3, na mjomba pengine bado anahesabu kwa graduwa ya zamani. Udaktari wa wanyama ni mrefu kuliko hapo. Kabla ya kuongea naye, nenda sekretariati ya fakulte zote mbili, hiyo yako na Politekniki, uulize miaka mingapi, feza ngapi kwa mwaka, wanataka asilimia gani, na kama kuna konkuri, mtihani wa kuingia. Andika kwenye karatasi, mpe karatasi. Mjomba anayeona umekwenda hadi Politekniki kuulizia atajua hukumpuuza. Na wewe mwenyewe utaona kwamba udaktari wa wanyama haukukimbizi kemia, unakupeleka katikati yake.

Faili yako ianze sasa, usingoje pudre. Baada ya matokeo kila ofisi ina mstari. Buletini (ripoti za shule) za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha daktari, picha ndogo: hivyo vyote unaweza kuvikusanya kimoja kimoja, bila kulipa bei ya haraka. Diplome yenyewe huwa inachelewa. Utaanza na atestasio ya kufaulu, kwa hiyo itolee fotokopi kadhaa na asili yake mpe mama aitunze.

Amebaki mama. Dola zako 14 usizitumie kwa fotokopi kabla hujamwambia. Mweleze feza ya kwanza ilikuwa ya nini, kwa maneno mafupi, jioni, mdogo wako akiwa amelala. Atakasirika, na atakuwa na haki. Halafu mwombe akuonyeshe nyumba ya yule mama wa avenyu ya nyuma. Kama vikwembe havijakatwa kwa fundi, muulizeni kama atakubali dola 14 kwa kile cha kijani, na kingine akae nacho.

Mama Mkubwa